Karatasi Chini ya Mgongo wa Venutai

Venutai alikata roho alfajiri, na kabla maji ya kumwogeshea hayajapata moto, Narhar alikuwa ameshafika kizingitini, ameegemea nguzo ya ukumbi utadhani kaijenga yeye. Hakuvuka. Aliuliza kama ni kweli amekufa, nikamwambia aingie amtekenye aone. Hakucheka, na mimi sikuwa na nia ya kumchekesha.

"Shemeji," akasema, "joto la mwezi huu unalijua. Kufika saa sita atakuwa ameanza kunuka."

Nikaendelea kuchochea kuni.

"Wabebaji huna. Kuhani huna. Nipe lile sanduku la karatasi zake, nami nakuletea wanaume wanne na kuhani juu, achomwe kama mke wa kaka yangu anavyostahili. Usiponipa, kaeni naye humo ndani muone raha."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, ya mtu anayepatana bei ya samli. Kisha akatema tambuu kwenye ua wetu, akaenda kungoja jibu kwenye uwanja wa hekalu.

Narhar alikuwa shemeji yangu kabisa, ndugu wa damu wa mume wangu. Ndugu walikuwa watatu: mkubwa alimwoa Venutai, mdogo alinioa mimi, na huyu wa kati alibaki hai, akawachoma wenzake wote wawili na kurithi mashamba. Mume wangu alikufa kwa homa nikiwa na miaka kumi na minne. Kwetu sisi Brahmin, tabaka la makuhani, mjane hunyolewa kichwa, wala haombwi. Kinyozi aliitwa uani, nikamng'ata kidole, basi Narhar akanikalia miguu na mama mkwe akanishika kichwa kwa masikio. Wembe ulikuwa butu. Ulipita juu ya kichwa changu ukichukua nywele na ngozi pamoja, na damu iliniingia machoni mpaka nikawa namwona Narhar mwekundu. Alikuwa akitafuna popoo muda wote.

Venutai alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono imejaa unga, akatazama mpaka mwisho. Jioni ile alimwomba mumewe karatasi, akadai anataka kuandika hesabu ya dengu. Mumewe alikuwa mtu mpole na mvivu, akampa. Tangu siku hiyo hakuacha kuandika. Aliandika hadithi, aliandika maisha yake mwenyewe, aliandika habari za wajane aliowatafuta kijiji kwa kijiji akiwa amepanda mkokoteni wa ng'ombe, na alipofiwa yeye mwenyewe aliigeuza nyumba yake kuwa makao ya wajane waliofukuzwa kwao. Mimi alinifundisha kusoma mbele ya jiwe la kusagia, herufi tukichora kwenye unga uliomwagika.

Na aliandika majina. Hilo ndilo lililowaudhi. Angeandika kwamba bwana mmoja alimfanyia mwanamke mmoja jambo fulani, mji mzima ungempigia makofi. Yeye aliandika Narhar Ghaisas, mwana wa fulani, alimkalia miguu Ambu, mke wa mdogo wake. Alipokwenda mji wa Pune akaisoma habari hiyo mbele ya mabwana na mabibi wenye akili, walilia, na mwenye kiwanda cha kuchapa vitabu kutoka Mumbai akaahidi kuzichapa karatasi zake zote. Habari zikamtangulia nyumbani. Watu waliokuwa wamemposa binti ya Narhar wakatuma ujumbe kwamba hawataki bibi harusi ambaye baba yake atasomwa sokoni. Kwa hiyo msidhani alikuwa akigombania karatasi kwa ajili ya dini.

Sisi tulikuwa tumekwisha kutengwa na baraza la tabaka letu kwa sababu ya Thaki. Thaki alikuwa mjane wa miaka ishirini hivi, mrefu, mwenye mdomo usio na mlango, aliyekimbia kwao kabla ya wembe kumfikia. Nywele zake zilifika kiunoni na alizichana barazani ambako kila mpita njia angeziona. Basi tukanyimwa kisima, tukanyimwa kuhani, tukanyimwa dukani hata chumvi. Tukanyimwa kinyozi pia, adhabu ambayo iliwachekesha wajane wote wa nyumba ile. Mimi peke yangu niliendelea kujinyoa kwa mkono wangu. Mazoea ni kitu kibaya, na Thaki hakunifichia maoni yake juu ya kichwa changu.

Tulimwogesha Venutai, tukamtia tone la maji na jani la mrehani kinywani, tukamlaza sakafuni. Tulikuwa wanawake watano: mimi, Thaki, Bayo ambaye alikuwa mzee kuliko wote, na dada wawili kutoka Satara waliozoea kulia kwa zamu. Niliwaambia alichosema Narhar. Dada wale wakasema tumpe. Wakasema karatasi ni karatasi, na mtu aliyetulisha hawezi kuachwa aoze kama punda. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Ukimtazama maiti wa mtu unayempenda, na nzi wa kwanza wamekwisha kufika, maneno yake yanaonekana kitu kidogo sana.

Lakini siku tatu kabla hajafa alinishika mkono akaniuliza kama nitazifikisha Mumbai. Nilimwambia nitazifikisha. Hakuniuliza nani atambeba yeye.

"Mama mdogo," Thaki akaniambia, "tumbebe wenyewe."

Nikamwambia wanawake hawafiki mahali pa kuchomea. Hawajafika tangu dunia iwepo.

"Basi leo watafika. Na karatasi tuzifunge chini yake."

"Chini ya nani?"

"Chini ya Bibi. Pale kwenye jeneza, mgongoni mwake, halafu sanda juu. Nani atatia mkono pale?"

Bayo akaanza kucheka bila meno. Thaki alikuwa amegonga mahali penyewe. Vijana ambao Narhar huwalipa wamfanyie kazi chafu ni wapiga mieleka wa hekalu, wanaolala na kuamka na usafi wao. Mtu asiye wa ukoo akigusa maiti ya nyumba iliyotengwa anakuwa najisi. Haingii hekaluni, hashiki chakula cha wenzake, na kumtakasa kunaweza kugharimu ng'ombe. Wanaogopa hilo kuliko jela. Kwao wao hapakuwa na kufuli kali kuliko mgongo wa Venutai.

Karatasi Venutai alikuwa amezishona mwenyewe mafungu mafungu kwa uzi mnene. Tulizitandaza juu ya mianzi ya jeneza, tukamlaza juu yake, tukamfunga kwa kamba. Akainuka kidogo, akaonekana mnene kuliko alivyokuwa hai. Sanduku tukalijaza ile mikate ya kinyesi cha ng'ombe tunayowashia jiko, na Bayo akalifunga kwa kufuli akisema ikiwa ni usomaji wanautaka, basi huo unawatosha.

Mbele ya jeneza hutangulia mtoto wa marehemu na chungu cha makaa yaliyotoka kwenye jiko la nyumbani, na moto huo ndio wa kumchomea. Venutai hakuzaa. Nikakichukua chungu mimi. Thaki akanisukuma begani tukatoka.

Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine tulipokaribia, na nyuma ya milango nilisikia wanawake wenzangu wakinong'ona. Mmoja alitutemea mate kutoka dirishani. Bayo, aliyekuwa amebeba pembe ya nyuma, akamshukuru na kumwombea ndoa ndefu. Tulipofika uwanja wa hekalu, Narhar aliinuka kwenye ngazi. Pembeni yake alikuwa Dhondu, mkubwa wa wapiga mieleka, mtu mwenye shingo ya nyati na miguu midogo. Nilimwona Narhar akituhesabu, akilitazama jeneza, akiwatazama wanawake wanne chini yake. Kisha akatabasamu. Alikuwa ameona kwamba nyumba imebaki tupu.

Akasogea kando, akatuachia njia.

Tukatembea haraka. Nyuma yetu tulisikia mlango wetu ukivunjwa, halafu mitungi, halafu jiwe la kusagia likibiringishwa ngazini. Tulikuwa tumekwisha kushika mteremko wa kwenda mtoni niliposikia mngurumo wa watu wengi, nikajua wamelifungua sanduku. Thaki akasema tukimbie. Wanawake wanne wenye maiti mabegani hawakimbii, wanayumba. Tukayumba mpaka penye mkuyu, na hapo wakatufikia.

Hawakutugusa kwa mkono hata mmoja. Nataka mlielewe hilo. Wabebaji wa maiti nao ni najisi kama maiti yenyewe, kwa hiyo walikuja na fimbo, na walijua urefu wa fimbo zao. Ya kwanza ilimpata Bayo penye mtulinga, nikausikia mfupa ukivunjika. Aliketi tu chini, na jeneza likainama upande wake. Mmoja wa dada wa Satara alipigwa kwenye magoti. Mimi nilipigwa kichwani, kichwa kile kile kisicho na nywele za kupunguza pigo, na ngozi ikafunguka. Lakini chungu sikukiachia.

Thaki aliiacha pembe yake akaokota jiwe akamvunja meno kijana mmoja. Mwingine alikuja nyuma yake, akaingiza fimbo kwenye nywele zake, akaizungusha na kuizungusha mpaka nywele zote zikawa zimeviringika kwenye mti, akaanza kumburuta hivyo, kwa mbali, bila kumgusa. Walikuwa wakicheka. Wakimwita bibi harusi. Wakamburuta juu ya mawe ya njia mpaka mgongo wa sari yake ukatoka, na ngozi nayo ikafuata, na yeye anawatukana mama zao mmoja mmoja kwa majina, maana mji wetu ni mdogo na anawajua.

Hapo ndipo jeneza lilipoanguka. Mianzi ikakatika, kamba ikafyatuka, na Venutai akabiringika kifudifudi vumbini, sanda imemtoka mabegani, mgongo wake mweupe mwembamba wazi mbele ya wanaume wote. Karatasi zikamwagika.

Dhondu aliruka nyuma utadhani kakanyaga nyoka, na vijana wake wote nyuma yake. Hata yule wa Thaki aliitupa fimbo. Wakabaki wamesimama mduara, wanatazama.

"Ziokoteni," Narhar akasema.

Hakuna aliyetikisika.

"Nimewalipa. Nasema ziokoteni."

"Hizo zimelaliwa na maiti, bwana," Dhondu akamjibu. "Okota mwenyewe. Msiba ni wako."

Na kweli ulikuwa wake. Yeye ni ndugu wa mume, angekaa najisi siku kumi hata kama angemkana Venutai mbele ya miungu yote. Katika kundi lile zima ni yeye peke yake ambaye hakuwa na cha kupoteza kwa kuzigusa. Nilimwona akilitambua hilo. Akapita juu ya mwili wa Venutai, hakuuzunguka, akaukanyaga mkono, akainama na kuanza kukumbatia mafungu kifuani. Nikasimama mbele yake. Damu ilikuwa ikinishuka tena machoni na tena nikawa namwona mwekundu.

Nilimwambia aziweke chini.

"Ambu," akasema, wala hakuwa na hasira, "nilikukalia mara moja ukatulia. Usinifanye nikukalie mara ya pili."

Nikampiga na kile chungu usoni.

Kilikuwa chungu kinene, na makaa yalikuwa mekundu kwa upepo wa njia. Kilipasuka kwenye mfupa wa jicho. Makaa yalimshuka usoni, yakaingia kwenye ukosi wa koti, mengine yakaganda pale yalipogusa majimaji. Nilisikia jicho likilia kama samli kikaangoni. Alipiga ukelele mmoja mrefu, karatasi zikamtoka mikononi zikaangukia juu ya makaa, naye akaanguka juu ya magoti akijikwangua uso kwa kucha. Aliwaita vijana wake wamletee maji, wamshike, wampeleke nyumbani. Wakamtazama. Alikuwa amezishika karatasi zile kifuani. Mwishowe Dhondu alimwekea ncha ya fimbo mgongoni, akamsukuma kupanda mteremko kama mtu anayerudisha nyati zizini, na huku anaomba radhi. Wengine wakafuata kwa mbali. Jicho lile halikupona. Watu huniuliza kama nilisikitika, nami huwaambia sikusikitika, wala sijaanza.

Lakini wakati ule sikuwa namtazama. Karatasi zilikuwa zimeshika moto. Fungu la juu lilikuwa limeanza kujikunja pembeni, na ukurasa mmoja baada ya mwingine unainuka, unakuwa mweusi, unaondoka. Niliruka juu yake kwa miguu mitupu. Nilikanyaga, nikasaga, nikatupia vumbi kwa viganja, nikavua pindo la sari nikalifunika na kulilalia kwa tumbo. Nyayo zangu mpaka leo hazisikii kitu. Mafungu mawili yalikwisha kabisa. Yaliyobaki yalikuwa na kingo nyeusi, lakini maneno yapo.

Tukazifunga karatasi ndani ya shuka ya Bayo. Tukamgeuza Venutai, tukamfuta uso, tukamfunika. Bayo hakuweza kubeba tena, wala yule wa magoti. Tulimbeba sisi watatu tuliobaki, sehemu tukimbeba na sehemu tukimburuta kwenye mianzi iliyovunjika, na Thaki alikuwa na kidonda nyuma ya kichwa mahali ambapo nywele zilitoka na mizizi yake. Alisema sasa amefanana nami kidogo, nisianze kujivuna.

Ukingoni mwa mto kuni zilikuwa zimeshapangwa. Wamahar, watu wa tabaka lisiloguswa, ndio huleta kuni za mazishi, wao hukaa nje ya mji upande ule wa chini, na walikuwa wamezileta wakaondoka bila kungoja kujua kama baraza limeruhusu. Tukampandisha Venutai juu ya kuni. Jua lilikuwa limefika utosini. Mbwa walikuwa wamekwisha kukaa kwenye kivuli, watulivu, wenye subira. Thaki akaniuliza moto uko wapi.

Nikajitazama miguu. Makaa yote ya nyumbani kwake nilikuwa nimeyakanyaga mimi, mpaka cheche ya mwisho. Nilikuwa nimeziokoa karatasi zake na kuuzima moto wake kwa nyayo zile zile, bila hata kufikiri. Kiberiti kilikuwa nyumbani, na nyumba ilikuwa mikononi mwa wanaume. Mjini hakuna mlango ambao ungefunguliwa. Moshi pekee uliokuwa karibu ulikuwa unatoka kwa Wamahar.

Sikuwahi kufika kule. Nilikuwa nimesoma juu ya haki za kila kiumbe kwenye karatasi za Venutai, nilikuwa nimetikisa kichwa kukubali, na sikuwahi kufika. Niliposhuka nilimkuta mwanamke wa umri wangu anaoka mikate ya mtama mbele ya kibanda. Jina lake Saku. Aliponiona alirudi nyuma upesi, kivuli chake kisinifikie.

"Simama hapo hapo, mama," akasema. "Ukinisogelea, kesho nitakayepigwa ni mimi."

Nikamwambia nataka moto. Akanitazama kichwa, akanitazama miguu.

"Kwenu moto umekwisha?"

"Ni wa kumchomea Venutai."

"Yule aliyekuwa akiandika."

"Ndiye."

Akageuza mkate wake, akaupiga piga kwa kiganja. "Alikuja hapa," akasema. "Akakaa pale juu ya jiwe. Akaniuliza watoto wangapi, wamekufa wangapi, mume ananipiga au hanipigi. Mambo yote akaandika. Jua lilikuwa kama hili. Nikampa maji, akasema hana kiu. Midomo imempasuka, mama, naiona kwa macho yangu, na anasema hana kiu."

Niliikumbuka siku ile. Venutai alirudi nyumbani akanywa nusu mtungi akiwa amesimama, na alipomaliza hakututazama. Nilidhani ni uchovu. Sasa nilisimama pale mbele ya Saku na haya ikanijaa mpaka kwenye meno, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

"Moto nitakupa," Saku akasema. "Lakini moto wangu hauendi kwa mtu anayeogopa maji yangu. Kunywa kwanza."

Akaweka bakuli la udongo chini katikati yetu, akarudi nyuma tena. Asubuhi ile nilikuwa nimepasuliwa kichwa, nimemtoa mtu jicho, nimekanyaga moto kwa miguu mitupu. Na sasa mkono wangu haukutaka kushika bakuli la maji. Ulikuwa mkono wa mtu mwingine. Ulikuwa wa mama mkwe wangu na mama yake na wote waliowatangulia. Saku alinitazama bila kunidharau, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikanywa. Yalikuwa na harufu ya moshi na yalikuwa ya baridi. Nikanywa mpaka mwisho, nikasikia kiu ya maji mengine, nikamwomba, akanimiminia.

Alinipa makaa kwenye kigae cha chungu. Nikamwambia twende pamoja, ashuhudie. Akasema yeye ana watoto, mpaka hapo panatosha. Nikapanda na moto wa Saku mikononi, nikamzunguka Venutai kama mtoto wa kiume anavyozunguka, nikawasha upande wa kichwa. Tulingoja mpaka fuvu likapasuka, kama desturi inavyotaka. Dada wale wa Satara walilia, safari hii wote kwa pamoja.

Juma lililofuata wanaume walikwenda kwa Wamahar wakakichoma kibanda cha Saku. Mumewe walimfunga kwenye mti wa njia panda wakampiga mpaka akazirai, naye alikufa kabla ya mvua. Habari za moto zilikuwa zimefika mjini. Nani alizipeleka sijui. Sisi tulikuwa tumekimbilia Pune. Nilimtumia Saku ujumbe aje tukae naye. Akajibu kwamba watu wa kwetu amekwisha kuwaona, wanamtosha.

Nilizinyoosha karatasi za Venutai moja moja. Nilitafuta mahali alipoandika siku ile ya jiwe, na nilipaona: idadi ya watoto, idadi ya waliokufa, mume anapiga. Maji hayakuwemo. Kwa hiyo nikachukua karatasi mbili, nikaandika mimi. Kwenye ya kwanza niliandika jeneza letu na chungu changu; kwenye ya mwisho niliandika bakuli alilolikataa, na bakuli nililolinywa, na moto ulikotoka, na yaliyompata mume wa Saku, na majina yote, kama nilivyofundishwa. Nikazishona mwisho wa mafungu yote, nikatuma Mumbai.

Mwenye kiwanda alijibu upesi. Alisifu sana. Alisema wanawake kubeba jeneza kutawaliza wasomaji, hata mimi na chungu changu angenivumilia. Ila ile karatasi ya mwisho aliomba aitoe. Watu wazuri wanaotuunga mkono wangeweza kukubali mambo mengi, lakini si Brahmin achomwe kwa moto wa Mahar, wala haifai kumvunjia heshima mwanamke mkubwa kwa ajili ya maji. Akashauri tuseme ulikuwa moto wa kiberiti. Karatasi ikibaki, yeye hachapi.

Thaki alisoma barua ile akaitupa, akaiokota, akaisoma tena. Nywele zilikuwa zimeanza kumfunika kovu.

"Tumevunjwa mifupa ili zichapwe," akasema. "Bibi mwenyewe angesema itoe."

"Najua," nikamwambia.

Nikafunga mkate kwenye kitambaa, nikapanda treni kwenda Mumbai kuzichukua. Yule bwana alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti, akanirudishia mafungu yote bila ugomvi na akanisikitikia. Sasa ziko hapa kwangu, hakuna iliyopungua ila zilizoungua, na ile ya Saku imeshonwa mahali pake. Mtu wa kuzichapa zote pamoja nayo bado hajapatikana.